Guka (babu yangu) alisema aliendesha gari la farasi hapa Nairobi. Wenye picha na matangazo ya kale ya farasi na mikokoteni, njooni

#1 NjokiKaloleni
Hamjambo wadau. Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu cucu, nyanya yetu. Chini ya kitanda tukakuta mkebe wa biskuti umefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na risiti za kodi, shanga, funguo zisizo na kufuli, na picha moja ndogo ya ukubwa wa kiganja.

Mwanamume mwembamba amesimama kando ya gari la magurudumu mawili. Hatamu ziko mkono wa kushoto. Wanyama ni wawili. Nyuma yao kuna jengo la mabati lenye baraza, na kibao ambacho kinasomeka "& SONS" tu, mengine yamefichwa na nguzo. Kona ya juu imechanika na kuondoka na masikio ya mnyama wa kwanza. Yule wa pili alitikisa kichwa, kikatoka kama moshi. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli "Nrb", basi.

Huyo mwanamume ni guka, baba yake mama. Alifariki 1984. Alituambia miaka nenda miaka rudi kwamba ujana wake alikuwa dereva wa farasi mjini, na sisi wajukuu tukichukulia ni hadithi ya jikoni, maana Nairobi ya farasi hatukuijua. Niliwahi kumwambia usoni, "Guka, ulikuwa na ng'ombe wewe." Alinyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, na mpaka leo nakumbuka alivyonyamaza.

Kwenye mkebe huo huo kuna kipande cha gazeti: tangazo lenye mchoro wa farasi anavuta magunia, jina la duka limekatwa na makasi. Naomba mnisaidie. Hawa ni farasi kweli? Picha ni ya mwaka gani? Na kwa nini picha nyingi za Nairobi ya zamani ninazoona zina ng'ombe, rikshoo na wapagazi, lakini farasi ni wa kuhesabu? Mwenye picha au tangazo la aina hii aweke hapa.

#2 MzeeWaPumwani
Pole kwa msiba, dada. Farasi walikuwepo, usiwe na shaka. Umewahi kujiuliza Racecourse Road inaitwa hivyo kwa nini? Uwanja wa mbio za farasi ulikuwa pande hizi za Kariokor na Eastleigh kabla ya kuhamia Ngong Road mwaka wa 1954. Wazee wetu waliwaona farasi kila wiki. Guka wako hakudanganya.

#3 BahariaKibokoni
Nyinyi wa bara mnatafuta farasi, sisi Mombasa tulikuwa na reli barabarani! Tafuta picha za mji wetu za miaka ya mwanzo ya 1900 utaona trole: kibehewa kidogo, viti viwili, paa la turubai, kinakwenda juu ya reli nyembamba ya futi mbili, na vijana wawili wanasukuma kwa nyuma wakikimbia. Afisa amekaa amevaa kofia, vijana miguu mitupu. Nimeweka tatu hapo chini. Farasi hata mmoja hamna.

#4 KiprotiSixtifo
Tukianza na ukweli, bara ilifunguliwa na ng'ombe. Kabla ya reli kulikuwa na barabara ya magari ya ng'ombe kutoka pwani hadi Busia, ile ya Mackinnon na Sclater. Na 1908 Makaburu walishuka kwenye treni Nakuru, wakafunga ng'ombe kwenye magari yao makubwa, wakapanda hadi Uasin Gishu. Nyanya yangu alisimulia jinsi matope yalivyomeza magurudumu mpaka kwenye ekseli.

Hata Kenyatta Avenue ni pana vile kwa sababu ya ng'ombe. Ilibidi gari lenye jozi nane liweze kugeuka bila kufunguliwa.

#5 MwalimuMstaafu
Kiproti, hiyo ya Kenyatta Avenue nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi, wakati bado watu wazima waliiita Delamere Avenue. Lakini hadithi hiyo hiyo, neno kwa neno, inasimuliwa kuhusu mitaa ya Bulawayo. Mimi nadhani imesafiri na walowezi. Huenda ni kweli, huenda barabara ilipimwa pana kwa sababu ardhi ilikuwa tupu na mpimaji alipenda upana. Usiitumie kama ushahidi.

#6 KiprotiSixtifo
Mwalimu, hata kama Bulawayo walifanya hivyo, ndiyo sababu zaidi ya watu walewale kufanya hivyo hapa. Ng'ombe kumi na sita hawageuki kwenye uchochoro.

#7 DaktariWaMifugo
Njoki, swali lako la tatu ndilo kazi yangu, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Farasi hawakukosekana kwa sababu hawakutakiwa. Walikufa. Kati ya pwani na nyanda za juu kuna ukanda wa mbung'o, na mbung'o hueneza nagana. Farasi akiumwa na mbung'o mwenye vimelea anakonda, anavimba chini ya tumbo, macho yanakuwa na ukungu, na kwisha. Kutembeza farasi toka Mombasa hadi hapa ilikuwa kama kumtembeza kaburini. Reli ilipofika Nairobi 1899 ndipo farasi wakaweza kupita ukanda huo wakiwa ndani ya behewa.

Wakifika huku wakakutana na ugonjwa mwingine, ule wa farasi wa Afrika, unaoletwa na usubi. Asubuhi mnyama anakula vizuri, jioni povu jeupe linamtoka puani, usiku amekwenda. Usubi huuma zaidi kuanzia machweo, ndiyo maana wafugaji wenye akili waliwaingiza farasi bandani kabla jua halijazama. Shikeni hilo.

Sasa angalieni: nyumbu huvumilia ugonjwa huu kuliko farasi, na punda huvumilia kuliko nyumbu. Kwa hiyo mtu mwenye duka la kusambaza mizigo Nairobi angefikiria mara mbili kununua farasi. Nyumbu walikuwa wakiletwa kutoka Uhabeshi. Kwa heshima zote kwa marehemu, mimi naona hao ni nyumbu.

#8 Wanjala_Ronga
Dokta, nyumbu wa Maasai Mara wanavuta gari?? 😂

#9 DaktariWaMifugo
😂 Hapana ndugu yangu. Kiswahili kimetupa jina moja kwa wanyama wawili. Yule wa Mara anayevuka mto ni nyumbu, na mtoto wa punda dume na farasi jike pia ni nyumbu. Huyu wa pili ndiye ninayemsema. Ana kromosomu 63, katikati ya farasi mwenye 64 na punda mwenye 62, ndiyo maana kwa kawaida hazai.

#10 BintiAmu
Kwetu wazee walimwita baghala. Na kuna majahazi makubwa ya zamani yaliitwa jina hilo hilo, wakisema ni kwa sababu yalibeba mzigo mzito kama huyo mnyama. Amu sisi tuna punda, na tangu 1987 wana zahanati yao. Gari la farasi kwetu lingekwama kwenye kichochoro cha kwanza.

#11 MwenyePunda_Kiserian
Mimi si msomi lakini nimefunga na kufungua punda kila siku kwa miaka kumi na minne, nabeba maji, mitungi 16 ya lita 20. Nimeitazama hiyo picha na simu ya mke wangu yenye kioo kikubwa.

Acheni masikio kwanza. Tazameni mbao. Mnyama mmoja hufungwa katikati ya miti miwili. Hapa kuna mti mmoja wa katikati, mnyama huku na mnyama huku. Halafu shingoni wamevaa kola nene ya ngozi iliyojazwa, si nira. Nira ya ng'ombe hukaa mbele ya nundu na kusukumwa. Kola hukaa begani, mnyama anavuta kwa mabega. Kwa hiyo ng'ombe tumewatoa. Dada Njoki, hapo ulimkosea mzee.

Na kitu kingine: hiyo kola imewakaa vizuri. Haina nafasi, haibani. Aliyefunga hao wanyama alijali. Mimi nawaona wenzangu wanafunga kwa kamba ya nailoni juu ya mfupa mpaka kidonda kinatoa funza. Huyo mzee alikuwa fundi.

#12 NjokiKaloleni
MwenyePunda, nimemsomea mama maneno yako na amelia. Asante sana.

#13 FundiPicha_RiverRoad
Dada, kabla ya yote: usiipeleke picha hiyo kulaminishwa! Na usibandike selotepu kwenye mpasuko. Mimi nilipeleka picha ya harusi ya wazazi wangu kwenye duka moja, wakaipitisha kwenye mashine ya moto bila kuniuliza. Uso wa mama ukapata malengelenge. Haikurudi tena kuwa ile.

Iweke kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki. Kisha iskani kwa nukta 1200 kwa inchi, maana ni ndogo. Na uiinamishe dirishani: kama pembeni kwenye giza kuna mng'ao kama wa fedha, hiyo ni fedha yenyewe inapanda juu ya karatasi, na ni dalili kwamba ni chapa ya zamani ya kweli, haikuchapwa juzi.

Kuhusu kichwa cha moshi. Picha za kale zina tabia hiyo. Ile picha ya Daguerre ya barabara ya Paris mwaka wa 1838, barabara ilijaa magari ya farasi lakini picha inaonyesha mtaa mtupu! Sahani ya shaba iliyopakwa fedha ilihitaji dakika nyingi, kila kilichosogea kikafutika. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama akipigwa kiatu rangi. Mpaka 1878 ndipo Muybridge kule Kalifonia akaweza kumpiga farasi akikimbia na kuonyesha kwamba kuna wakati kwato zote nne ziko hewani. Kwa hiyo tukihesabu farasi kwenye picha za Nairobi tukumbuke: mpiga picha alipenda vitu vinavyotulia. Ng'ombe hutulia. Rikshoo husimama ukiiambia isimame. Farasi hupiga mkia, hutikisa kichwa, huharibu sahani ya kioo ya bei ghali. Labda walikuwa wengi kuliko tunavyoona.

#14 MwalimuMstaafu
Hoja nzuri, Fundi, lakini picha ya 1838 haiwezi kueleza Nairobi ya 1920. Kufikia wakati huo kamera zilikuwa na kasi ya kutosha.

Mimi nina sababu nyingine, na siipendi lakini nitaisema. Farasi anakula, anaugua, anahitaji banda na msumari wa kwato. Mtu hahitaji. Kodi ya nyumba iliingia 1901, na mtu akatakiwa apate pesa taslimu, akaja mjini kutafuta kazi yoyote. Kwa nini ununue farasi wakati kuna watu wanaoweza kuvuta rikshoo kwa mshahara mdogo? Tazama trole za Baharia: reli ipo, magurudumu yapo, kilichokosekana ni mnyama, na nafasi yake wamewekwa vijana wawili.

#15 MzeeWaPumwani
Mwalimu umegusa mfupa. Kariokor yetu hii jina lake ni la wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, kikosi cha wabebaji. Farasi na nyumbu wa jeshi walikufa kwa mbung'o kule Tanganyika, mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Nendeni mkasome mnara wa Kenyatta Avenue wenye masanamu matatu, maandishi yako kwa Kiswahili pia: wapagazi wametajwa kama miguu na mikono ya jeshi. Ndugu mkubwa wa babu yangu alikwenda, hakurudi, na hatuna picha yake hata moja. Ndiyo maana nafurahi kwa ajili ya Njoki.

#16 DaktariWaMifugo
Basi Mwalimu, hapo wewe na mimi tunasema kitu kimoja. Mbung'o aliua mnyama, mtu akabebeshwa.

#17 MwalimuMstaafu
Hatusemi kitu kimoja. Wewe unasema ni mdudu. Mimi nasema mdudu hakuwepo katikati ya Nairobi, na bado rikshoo zilivutwa na watu Nairobi.

#18 Otis_wa_Jogoo_Road
Wazee mbona mnasahau gari? Nairobi ni mji wa juzi. London ilikuwa na farasi karne na karne. Sisi reli 1899, Ford Model T 1908. Miaka tisa! Mji haukupata nafasi ya kuzoea farasi, gari likawa tayari mlangoni. Si mbung'o, si kodi, ni kalenda tu.

Na mimi naleta matangazo kwa sababu mnaongea picha tu. Nani anakumbuka vituo vya mafuta vya Mobil kabla havijawa Oilibya? Yule farasi mwekundu mwenye mabawa, Pegasus. Mjomba wangu alikuwa na kibao chake cha bati gereji, kimeliwa na kutu miguuni, bado kinaning'inia. Fikirieni: kampuni inauza mafuta ya kumwondoa farasi barabarani, na alama yake ni farasi.

#19 BahariaKibokoni
Na pakiti ya sigara za Sportsman! Mzee wangu aliziweka tupu dirishani, farasi wote wametazama upande mmoja.

#20 Wanjala_Ronga
Hata injini ya posho mill kwetu Bungoma, fundi alikuwa anasema "hii ni nguvu farasi sita." Nikiwa mdogo niliamini wamo ndani wamebanwa.

#21 Otis_wa_Jogoo_Road
@Wanjala hiyo ilikuwa tangazo pia, ujue. James Watt alitaka kuuza mashine zake za mvuke kwa watu waliozoea farasi, akapima kazi ya farasi mmoja ili mnunuzi aelewe anachopata. Nguvu farasi moja kwa kipimo cha leo ni wati 746 hivi. Na Marekani, pombe iliporuhusiwa tena 1933, Budweiser walitoa gari la farasi wakubwa wa Clydesdale lipite mjini, wakati malori yalikuwa tele. Walijua mtu akiona farasi anasimama kutazama. Tangazo la mkebe wa Njoki naona ni hivyo: duka lingeweza kuwa na lori, lakini mchoraji akaweka farasi kwa sababu farasi ni nguvu na heshima.

#22 NjokiKaloleni
Otis, umenifikirisha. Lakini guka alikata tangazo hilo kwa makasi, kwa uangalifu, akafuata mgongo wa farasi mpaka mkiani. Jina la duka hakulijali. Alimtaka farasi.

#23 MtangaMkongwe
Wakuu salaam kutoka Tanga. Mnaosema farasi hawawezi Afrika Mashariki mbona mnasahau punda milia? Kuna picha maarufu ya Nairobi ya daktari amempanda punda milia. Walowezi wangewafuga wote, mambo yangekwisha.

#24 DaktariWaMifugo
Ni Dkt. Rosendo Ribeiro, Mgoa, daktari wa miaka ya mwanzo kabisa ya mji, na ndiye aliyetambua tauni Nairobi ikaja kuchomwa bazaa mwaka wa 1902. Kweli alimpanda punda milia kwenda kuwaona wagonjwa, picha ipo. London nako Walter Rothschild aliwafunga kwenye gari. Punda milia ana kinga ya magonjwa yetu, hilo ni sahihi. Lakini tabia yake ni ya mnyama wa porini: anauma na haachii, anapiga teke akiona nyuma, na akishtuka anasahau kila ulichomfundisha. Daktari mmoja na mnyama mmoja si usafiri wa mji.

#25 NjokiKaloleni
Nimeskani kama Fundi alivyosema. Na mng'ao wa fedha upo, upande wote wa kushoto! Picha kubwa hii hapa. Tazameni kifuani mwa guka, kuna kamba na kitu kidogo cha bati kinaning'inia.

#26 FundiPicha_RiverRoad
Kipande!

#27 MwalimuMstaafu
Nami naona kipande. Wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba kile cheti, kikiwa ndani ya kikebe cha bati shingoni, na utaratibu huo ulianza kutekelezwa mwaka wa 1919 na 1920. Kama ni chenyewe, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Wazee walikiita kengele ya mbuzi. Guka wako amekivaa na bado amesimama wima namna hiyo.

#28 MzeeWaPumwani
Taratibu jamani. Babu yangu alivaa mkebe wa ugoro vilevile, kamba vilevile. Umbo la huu ni la mviringo kidogo. Kipande nilichokiona kwa jirani kilikuwa bapa.

#29 Tekno254
Wadau nimewasaidia. Nimeipitisha kwenye programu ya akili bandia, imeweka rangi na kurudisha kona iliyochanika. Sasa inaonekana wazi: farasi wawili wa kahawia, masikio mafupi. Kesi imekwisha 🙌

#30 BahariaKibokoni
Mashallah, imependeza. Basi ni farasi.

#31 FundiPicha_RiverRoad
Hapana, hapana, hapana. Baharia, hayo masikio hayakutoka kwenye picha. Kona haipo! Programu imeona mwili unaofanana na farasi, ikachora masikio ya farasi iliyoyazoea. Imemchonga pia kidevu guka, angalieni, si mtu yuleyule. Na kibao kimekuwa na herufi ambazo si za lugha yoyote. Tafadhali Tekno iandike kwa herufi kubwa kwamba ni ya kubuni, la sivyo mwaka ujao mtu ataiweka mahali akisema ni ushahidi wa farasi wa Nairobi.

#32 Tekno254
Nimekuelewa Fundi, na samahani dada Njoki. Nilitaka kufurahisha familia. Nimeifuta.

#33 NjokiKaloleni
Usijali mdogo wangu, ulikuwa na nia njema. Lakini kweli mama alipoiona alisema, "Huyu si baba."

#34 KiprotiSixtifo
Kuhusu jengo: mabati, baraza, "& SONS". Nasema Indian Bazaar, yaani Biashara Street ya leo.

#35 MzeeWaPumwani
Au River Road. Au Ngara. Au kituo chochote cha reli chenye duka. Mabati na baraza ndio ulikuwa mtindo wa kila mahali. Njoki, nenda Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue, lile jengo lililokuwa benki, na pia Makumbusho ya Reli. Linganisha nguzo za baraza. Na kwenye mtandao, Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, toka 1860 hadi 1960. Utapotea humo siku tatu bila kula.

#36 MwenyePunda_Kiserian
Naomba niulize watu wa mkusanyo: kuna picha za punda wa mikokoteni wa leo? Sensa ya 2009 tulikuwa na punda milioni 1.8, ile ya 2019 wakabaki kama milioni 1.2. Machinjio ya ngozi yalipofunguliwa kuanzia 2016, niliibiwa wawili usiku mmoja. Tulikuta vichwa tu. Mkikusanya za kale kusanyeni na zetu, maana nasi tutakuwa za kale.

#37 FundiPicha_RiverRoad
MwenyePunda, Jumamosi nakuja Kiserian na kamera. Sitaki hata shilingi. Nitumie namba kwa siri.

#38 BintiAmu
Mashallah. Na jina la kila punda liandikwe nyuma ya picha, isiwe "Nrb" peke yake.

#39 NjokiKaloleni
Wadau nimerudi na habari. Jana nilikwenda Githunguri kwa mama mkubwa, ndiye mtoto wa kwanza wa guka, ana miaka tisini na kitu na kumbukumbu inamtosha. Nikamwekea picha mkononi. Hakuuliza ni nani. Aliwagusa wanyama kwa kidole akasema guka alikuwa akiacha kazi mapema kila siku, jua likiwa bado juu ya miti, kwa sababu tajiri alimwagiza wawe ndani kabla ya giza, na wakichelewa alikatwa mshahara.

#40 DaktariWaMifugo
Jua likiwa juu ya miti! Njoki, hiyo ni kanuni ya usubi kabisa. Mtu hajisumbui hivyo kwa nyumbu. Nabadilisha kauli yangu ya #7: naelekea kwa farasi.

#41 MwalimuMstaafu
Dokta, usikimbilie. Mwafrika kuwa barabarani usiku bila kibali ilikuwa ni kosa. Tajiri huenda aliogopa kupoteza dereva, si farasi.

#42 DaktariWaMifugo
Kibali kilihusu usiku. Huyu alirudi jua bado lipo.

#43 MzeeWaPumwani
Au tajiri aliogopa wezi. Au fisi, Nairobi ile.

#44 MwenyePunda_Kiserian
Hata mimi wangu wanaingia kabla ya giza, na ni punda. Mama mkubwa hakusema waliitwaje?

#45 NjokiKaloleni
Majina yao aliyasahau. Lakini alisema guka hakuwapiga, alikuwa na mlio wa ulimi na midomo wa kuwaita, na alipozeeka aliutoa mlio ule hata kwa wajukuu tukichelewa kuja kula. Nikakumbuka! Mimi mwenyewe niliitwa hivyo! Mama mkubwa akautoa pale pale, mara mbili. Nimemrekodi, sekunde tisa, faili hii hapa. Wanaojua wanyama, huo ni mlio wa nini?

#46 DaktariWaMifugo
Nimesikiliza mara nne. Wapanda farasi hutumia unaofanana na huo. Wa punda pia. Siwezi kuapa.

#47 MwenyePunda_Kiserian
Nimeuchezea hapa bandani, simu nimeshika juu ya geti. Walikuwa wanakula, wamenipa mgongo. Masikio yote manne yamegeuka.

#48 NjokiKaloleni
Rudia tena, urekodi. Mama yuko hapa kando yangu anasubiri.